Mbuzi ya Hodan Ilienda Maonyesho na Masizi

Jumapili, Garissa. Jua limewaka tangu asubuhi, hata upepo ni moto.

Nimechoka. Si ile ya kulala halafu ikaisha.

Kazi yangu ni kupakia mbuzi kwa lori pale soko ya mifugo. Unashika, unainua, unasukuma ndani. Ingine. Ingine. Shule niliacha mapema, kwa hivyo nikiandika vibaya, vumilia. Hii blogu msichana wangu Hodan ndiye alinifungulia kwa simu. Alisema, "Aabo, wewe huongei na mtu. Basi andika." Aabo ni baba.

Yeye mwenyewe pia haongei. Tangu mama yake afariki, masika iliyopita, ukimuuliza kitu anatingisha kichwa tu. Tunakaa nyumba moja kama watu wawili wanangoja gari.

Wiki hii mama mkwe wangu alikuja kutoka Ijara. Hodan anamwita ayeeyo, yaani nyanya. Alikuja kumchukua. Hakuzunguka. "Mwanaume peke yake hawezi kulea msichana. Asubuhi uko sokoni, jioni umelala na viatu. Nipe mtoto."

Kweli nalala na viatu.

Hodan hakukataa. Alifunga nguo zake kwa begi, akaliweka mlangoni. Aliomba kitu moja tu: amalize maonyesho kwanza.

Shuleni kwao wako na kikundi cha mifugo. Kila mtoto anafuga mnyama wake, halafu siku ya maonyesho anamleta uwanjani, jaji anakagua. Mimi nilipoambiwa mara ya kwanza nilicheka. Mbuzi ni ya maziwa, ya kuuza, ya kuchinja. Ya kuonyesha watu? Kwetu mnyama mzuri unamficha katikati ya wengine. Mgeni akiuliza uko na wangapi, unasema "kidogo, alhamdulillahi," mnaongea mambo ya mvua. Jicho la mtu si kitu ya kuchezea.

Lakini hiyo mbuzi Hodan aliachiwa na mama yake. Jike, nyeupe kabisa. Anaiita Adey, kwa sababu ya huo weupe. Kwa hivyo nilimwacha aendelee.

Miezi hii yote ameamka kabla yangu. Anaiosha na sabuni ya kipande. Anaifundisha kutembea na kamba bila kuvutwa, halafu kusimama, miguu nne sawa, kichwa juu. Mbuzi! Bare, mwenzangu tunabeba na yeye sokoni, alipita nyumbani akaona, akaniambia, "Warya, hiyo mbuzi inaoga kukushinda."

Na kila jioni nilikuwa nasikia kinu cha mama yake. Tum, tum, tum. Hicho kinu kilikuwa kimenyamaza tangu mazishi. Sikuuliza anatwanga nini. Niliogopa nikiuliza ataacha.

Basi jana ikafika siku yenyewe.

Hodan aliingia ndani kuvaa yunifomu. Kutoka, mbuzi ni nyeusi. Ayeeyo alikuwa amekwangua masizi chini ya sufuria, akachanganya na mafuta, akaipaka uso, mgongo, mpaka mkia. Alikuwa anapangusa mikono kwa mchanga, ametulia kabisa. "Sasa nendeni. Hakuna jicho litashika hiyo."

Nilijua Hodan atalia. Hakulia. Akamwaga maji, akasugua. Masizi na mafuta, ikazidi kutapakaa. Saa ilikuwa imeenda.

Tukaenda hivyo hivyo. Sisi watatu na mbuzi ya masizi.

Uwanjani wanyama wa wengine walikuwa wanang'aa. Vijana wakaanza. "Hiyo imetoka zizini ama imetoka jikoni?" "Madam, angalia, kuna moja imeungua!" Hodan alivuta kamba kidogo, Adey akasimama. Miguu nne sawa. Mimi nilisimama nyuma ya watu. Ayeeyo alikuwa mbele na kina mama, midomo inasoma dua.

Jaji alikuwa mama mmoja, daktari wa mifugo. Akafika, akaangalia. "Msichana, hii mbuzi haijaoshwa?"

Nilifunga macho. Najua mtoto wangu. Atatingisha kichwa, imeisha.

"Imeoshwa, madam." Sauti ilisikika mpaka huku nyuma. "Ayeeyo wangu anaogopa jicho, ndiyo akaipaka. Usiangalie na macho. Angalia na mkono."

Watu wakacheka. Jaji hakucheka. Akashika mgongo, kifua, kiwele, akainua kwato. Mkono wake ukawa mweusi. Akafungua mdomo wa mbuzi. "Meno ni mazuri. Siku hizi naona nyingi zimeoza meno. Hii unalisha nini?"

"Matunda ya mathenge. Lakini natwanga kwanza. Ikila nzima, utamu unakwama kwa meno, inaoza. Mama yangu alinionyesha."

Kumbe hiyo ndiyo alikuwa anatwanga, maganda ya huo mti wa miiba.

Nilikaa chini, hapo hapo kwa vumbi.

Hodan akaendelea. Dawa ya minyoo anapima vipi. Kiangazi alipata wapi majani. Kwato anakata na nini. Tangu tumzike mama yake sijasikia maneno mingi hivyo kutoka kwa huyo mtoto. Na hakuwa anaangalia chini. Alikuwa anamwangalia jaji usoni, mkono moja kwa shingo ya mbuzi.

Mwanamke moja mbele akauliza, "Huyu ni wa nani?"

Nilitaka kusema. Ayeeyo alikuwa haraka kuliko mimi.

"Wangu," akasema. "Na sema mashallah kabla hujaongeza ingine."

Kikombe hatukupata. Kilienda kwa kijana wa kondoo dume. Jaji alimwambia Hodan wazi, mnyama wa maonyesho lazima aonekane, mwakani uje na yeye safi. Ni haki. Hodan hakununa. Alienda kwa huyo kijana, akazunguka kondoo yake, akaanza kumuuliza inakula nini.

Ayeeyo hakuomba msamaha. Lakini tukirudi, kamba ya mbuzi alishika yeye.

Nyumbani alikunywa chai, akaangalia lile begi mlangoni. Mimi nilikuwa nimevua viatu, nimeviweka mahali ataviona. Akasema, "Mbuzi nitaenda nayo. Hapa mji itaanza kula karatasi. Mtoto abaki, asome hiyo kitu anasoma. Shule ikifungwa, aje kwangu aangalie mbuzi yake. Na hizo zangu pia aziangalie meno."

Halafu akanigeukia. "Na wewe, ukila na yeye, ongea."

Leo asubuhi lori ya kwenda Ijara ilikuwa imejaa magunia. Ayeeyo akakaa na dereva. Mbuzi ikabaki ya mimi kupakia, hiyo ndiyo kazi yangu. Nimeinua mbuzi maisha yangu yote, na hii ndiyo ya kwanza niliuliza mwenye mbuzi nishike wapi. Hodan alinionyesha. Mkono moja chini ya kifua, ingine nyuma ya mapaja. "Polepole, Aabo."

Lori ikaguruma. Nilifikiri itaruka, italia, vile zote hufanya. Haikufanya. Ilisimama juu ya magunia, miguu nne sawa, kichwa juu, masizi bado kwa masikio. Ilikuwa inangoja jaji.

Hodan hakulia mpaka lori ikapotea. Halafu akalia vizuri. Nilikaa na yeye. Nikamuuliza kama meno ya ng'ombe pia yanaozeshwa na mathenge. Akaanza kunieleza, anafuta kamasi.

Sasa begi liko tupu. Nguo zake ziko kwa kamba.

Kesho malori yanakuja tena, mgongo ni ule ule. Lakini mkono moja chini ya kifua, ingine nyuma ya mapaja. Bare atanicheka.

Wacha acheke.