Kimondo na Dawa ya Upele

Jumatatu, 3 Machi
Upele! Mtu mzima mimi, mtafiti wa vimondo, nimepata upele kama mtoto wa chekechea. Watoto wa dada wameniambukiza, walilala kwangu wikiendi nzima mwezi uliopita. Mama kaninunulia dawa ya salfa, ya njano, inanuka mayai viza. Ananipaka asubuhi na jioni huku akicheka. Kazini nimesema ni mzio wa sabuni. Wakijua, nitaficha wapi uso wangu?

Leo nimesaga kipande cha kile kimondo kidogo tunachokichunguza maabara. Ndani ya glavu vidole viliniwasha mpaka nikaona nyota. Nikazivua — kidogo tu, nimalizie kupima uzito. Nilikuwa nimenawa.

Jumatano, 5 Machi
Majibu yametoka na bado siamini. Salfa ina aina nne, zinazotofautiana uzito tu. Kwenye vimondo vya kundi la jiwe langu uwiano wa aina hizo umepinda kidogo: jua likiwa bado changa, mwanga wake uliuvuruga kabla sayari hazijaumbika, na mawe yakautunza mvurugo huo. Jiwe langu halijapinda hata chembe. Limenyooka kama salfa ya hapa duniani.

Profesa, mkuu wetu wa maabara, alizunguka meza akipiga makofi. Anasema jiwe limetoka kwenye sayari nyingine kabisa, iliyojengeka kivulini, mbali na mwanga ule, kisha ikavunjika. Sayari! Nilipomwambia Mama akapita mlango kwa mlango kuwatangazia majirani.

Kipara alifunga daftari lake. Ni mwenzangu hapa maabara, anamalizia tasnifu yake. Mwaka jana alipima kipande kingine cha jiwe hilihili, akakuta limepinda. Leo Profesa kamwambia mbele yetu sote kwamba alifanya kazi ya kulipua, aifute, aanze upya. Nilimwonea huruma. Nilifurahi pia, niseme kweli.

Ijumaa, 7 Machi
Mama ananipaka, mimi nasoma kopo kwa kukosa la kufanya. Salfa asilimia kumi.

Salfa! Neno hilo nalitamka nyumbani, nalitamka kazini, na akili haikuunganisha. Mikono ile, bila glavu. Kunawa hakusaidii, dawa imeshaingia kwenye ngozi na chini ya kucha. Nilichopima si sayari. Ni upele wangu.

Mama akauliza mbona nimeganda. Nikasema dawa inachoma.

Jumanne, 11 Machi
Ilibaki chembe moja ya jiwe. Nimeipima leo wenzangu walipokwenda kula, glavu mbili mbili. Imepinda. Sawasawa na ya Kipara.

Nikaenda kwa Profesa. Kweli nilikwenda! Alikuwa kwenye simu, anaalika waandishi wa habari waje Alhamisi, siku ya kuitangaza sayari. Akanipa kiti, akanionyesha tangazo: jina langu limetangulia lake. Nikasema nimekuja kuuliza saa ya kufika. Mwoga mkubwa mimi. Nimejitukana njia nzima.

Kwenye korido nikamkuta Kipara kabeba boksi la makaratasi yake. Akaniomba nimfundishe ninavyopima. Bila kejeli hata kidogo, na hapo ndipo aliponimaliza. Nikamwambia tutaongea.

Alhamisi, 13 Machi
Naandikia chooni. Ukumbi umejaa. Mama yuko kiti cha mbele, kavaa nguo yake ya harusini. Profesa ameshaonyesha mchoro wa sayari yangu — kaipaka hadi rangi! Halafu Kipara akasimama, hakuna aliyemwita.

"Nilikosea," akasema. "Naomba radhi kwenu, na hasa kwa dada yangu huyu."

Watu wakampigia makofi. Mimi nikatoka mbio.

Nikirudi naitwa jukwaani. Nitasema. Au niseme naumwa? Majibu ya ile chembe ninayo kwenye simu, mfukoni, kuyaonyesha si kazi. Mikono inawasha moto. Ningekuwa mtu wa maana ningesimama palepale, kabla makofi hayajaisha.

Wamekuja kunitafuta. Namsikia Mama, na Profesa nyuma yake anakohoa. Kipara naye yupo, anawaambia huenda ni hofu ya jukwaa tu, waniache nipumue. Ananitetea mimi!

Mama anagonga. "Mwanangu, ni mikono tena? Fungua nikupake. Nimekubebea dawa yako ya salfa."

Kikohozi kinakatika.

"Dawa ya nini, mama?" Profesa anauliza, polepole sana.

Na Mama anamweleza. Upele, watoto wa dada, asubuhi na jioni, hajakosa hata siku moja — anaeleza yote, kwa sauti ileile aliyowatangazia majirani. Nimeshika kitasa. Kipara ameacha kunitetea.