Picha ya Mlango wa Kioko

Mjukuu wangu Mwende,

Habari za masomo huko mbali? Sisi hapa Kitengela tuko salama, ila babu yako analalamikia goti na mvua imekawia. Umeniuliza unitumie kadi gani ya picha, niongeze kwa zile zangu za Uswidi.

Zile alizituma ndugu yangu Kioko, miaka ya tisini, alipoenda huko kufanya kazi. Zilikuwa za kupendeza: makanisa, majumba makubwa, maziwa, theluji. Nilizikusanya zote. Lakini kila moja ikifika, mama yetu aliigeuza huku na huku akiuliza, "Kioko yuko wapi hapa?"

Siku moja akaniambia, "Mwandikie anipigie picha ya mlango anaoingia jioni."

Picha ikaja: mlango mdogo chini ya ngazi, viatu vyake nje. Nilihuzunika, maana tulidhani anaishi kwenye yale majumba. Mama hakulia. Aliishika kwa mikono miwili akasema, "Haya. Sasa najua mahali pa kumwombea."

Kadi zote niko nazo bado. Ile picha tulimzika nayo mama.

Usihangaike dukani, Mwende. Nionyeshe mahali unapolala.

Nyanya yako,
Mutheu