Yule Mwembamba Nilimwona Mimi Kwanza

Alhamisi, Mayfair

Shemeji Rashidi ameniibia maneno yangu, tena hewani, mimi nimekaa pembeni yake.

Wiki iliyopita, tukiandaa kipindi chetu cha mtandaoni cha futiboli ya Kimarekani, nilimwambia kwamba kati ya wapokeaji pasi wa vyuo wanaosubiri kuchaguliwa na timu za kulipwa, mimi namtaka yule mwembamba, si yule mrefu anayesifiwa na kila mtu. Alicheka mpaka akakohoa. "Shemeji, wewe rudi kwenye cherehani yako."

Leo amemsifu huyo huyo mwembamba kana kwamba yeye ndiye aliyemgundua. "Huyu anajua kufungua nafasi," akasema. Wasikilizaji wakammiminia pongezi.

Nikamuuliza kwa upole, "Anaifunguaje, shemeji?"

"Kwa... kwa mbio zake."

"Mbona hana mbio? Anajifanya anakata ndani, beki akimfuata, yeye anatoka nje. Wiki iliyopita nilikueleza, ukanicheka."

Akageukia haraka kusoma jumbe za wasikilizaji. Eish, ilikuwa tamu!

Naogopa kitu kimoja tu. Kijana asipochaguliwa, atakayechekwa ni mimi.

Jioni dada amenipigia simu. "Umemwaibisha mume wangu mbele za watu. Mwombe radhi."

Nimekubali bila ubishi, hata yeye ameshangaa. Nitamwomba radhi kwenye kipindi kijacho, hewani, na nitawaeleza wasikilizaji wote, neno kwa neno, ni kwa nini namwomba.