Kidonge Kilichopima Maji ya Barafu

Ksar Aït Bouzdi,
Rissani.
Ijumaa, 19 Agosti.

Mpendwa Mjomba Addi,

Asalaam aleikum. Neno "mpendwa" nimeliandika, nikalifuta, kisha nikalirudisha. Mama aliniona nikifuta akauliza, "Unamfuta nani wewe?" Basi limebaki. Usilichukulie zaidi ya hapo.

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Ubelgiji, pamoja na mkeo Loubna na watoto. Sisi huku hatujambo. Baba mzima, mama mzima, Bibi Hadda magoti yanamsumbua lakini ulimi haujambo kabisa. Dada yangu Itto, tangu Jumapili ya juzi, anatembea peke yake mpaka uani na kurudi. Daktari anasema figo zake zinarudi polepole. Hukuuliza, ila nakueleza.

Najua utashangaa kupata barua kutoka kwangu. Kila ukija sikukuu mimi ndiye ninayekusalimu nikiwa nusu nyuma ya mlango. "Panya wetu wa Kifaransa," ndivyo ulivyoniita mbele ya wageni, kwa kuwa nasoma sana na sisemi. Watu walicheka na mimi nikacheka nao. Sikufurahi, Mjomba. Nilitaka ulijue hilo kwanza, hata kama ni dogo kuliko mengine.

Nakuandikia kwa sababu ya kisanduku cha pili, kile ulichompa jirani yenu aliyekuja likizo. Kilifika Jumatatu wiki iliyopita. Vidonge sita vya kupimia joto na karatasi yako ya Kifaransa: Itto aanze tena kukimbia tarehe mosi Septemba, saa sita mchana, kilomita nane, na baba asiambiwe saa. Hujamwuliza daktari, hujamwuliza mama. Umeniandikia mimi, na umetumia Kifaransa, kwa kuwa humu ndani mimi peke yangu ndiye ninayekisoma vizuri, na unajua mimi hunyamaza.

Nimekificha chini ya sufi ya Bibi ya kufumia. Itto alikuwa akikitafuta kila siku.

"Tuda, kisanduku kiko wapi?"

"Sijui."

"Hujui kudanganya wewe. Masikio yameiva kama nyanya."

Alikitafuta kwa sababu yako. Ulimwambia mama kwa simu kwamba chombo chako hakikosei, kwamba Itto alikuwa na homa akaificha, na kwamba moyo wake ni mwepesi. Mama akayarudia mbele yake. Basi Itto akawa analala ameelekea ukuta akihesabu siku, anasema, "Labda kweli nilikuwa na homa bila kujua. Nikikimbia tena nitajua." Alitaka kwenda kufa ili ajue kama ni dhaifu. Hilo ndilo lililoniketisha hapa na kalamu.

Sasa nikukirie langu, maana na mimi nina langu.

Unakumbuka ulivyotufundisha kumzoesha Itto kukimbia juani. Kidonge kimezwe usiku, ili asubuhi kiwe kimeshashuka kwenye utumbo. Asubuhi chombo chako kinanasa mawimbi yake kama redio na kusoma joto la ndani, Itto anakimbia, baba anaendesha pikapu mbele yake, mimi nimekaa nyuma na daftari. Kila kilomita mbili naruka chini, namwekea chombo karibu na tumbo, nakusomea namba kwenye simu. Ikifika 39.5, anasimama. Siku ya tisa ilifika 39.5 na ukasema, "Mwache mpaka 39.8, mwili unajifunza." Niliandika 39.8 kwenye daftari, nikasahau kuwa kuna wakati tuliambiwa vingine.

Kila usiku Bibi alikitia kidonge ndani ya tende iliyotolewa kokwa, akimwambia Itto, "Meza redio yako, mwanangu, labda tutasikia habari za Rabat." Ilikuwa mchezo wetu. Hakuna aliyekisahau hata siku moja, mpaka usiku ule kabla ya siku ya kumi na tatu.

Usiku ule walikuja wale wanawake wa Jorf kumtazama Itto kwa ajili ya mtoto wao. Sita, pamoja na mama wa kijana, wamekaa sebuleni kwa kupangana kama mawe ya mizani. Itto katikati, amevaa kaftani ya mama, anamimina chai. Nilisimama nyuma ya pazia na ile tende mkononi. Nilijua nikiingia watauliza ni nini. Nilijua mchumba anayemeza dawa mbele ya wakwe atakuwa habari ya Jorf nzima kabla ya alfajiri: mgonjwa, au pengine mjamzito. Lakini nisijifiche nyuma ya hilo. Ningeweza kumwita pembeni. Ningeweza kumnong'oneza mama. Ukweli ni kwamba wanawake sita wangegeuka kunitazama kwa pamoja, na miguu yangu ilikataa. Nikarudi jikoni, nikakaa juu ya gunia, nikalala.

Itto alikimeza asubuhi, saa mbili, na mtindi wa baridi. Tulianza kukimbia saa nne. Sikumwambia mtu. Kijitabu kilichokuja na vidonge kinasema wazi kwamba kidonge kikiwa bado tumboni na mtu akanywa maji baridi, namba haiaminiki. Nilikuwa nimekisoma mara tatu.

Kilomita ya kumi na nne ilisoma 38.9, na uso wake ulikuwa mwekundu namna ambayo sijawahi kuiona. Nikampa maji ya barafu kutoka kwenye thamosi, akanywa kama mtu anayezima moto. Dakika chache baadaye ikasoma 38.1. Ulishangilia kwenye simu mpaka baba akakusikia. "Mnaona! Mwili umeshalizoea jua! Mwambie aongeze!"

Kisha Itto akaniambia, "Tuda, nipe shali. Nasikia baridi."

Jua la digrii arobaini na nne, Mjomba, na vinyweleo vya mikono yake vimesimama. Ngozi imekauka, na kilomita tatu nyuma alikuwa analoa jasho. Nilikwambia. Hilo nililisema, sauti ndogo lakini nililisema.

"Namba ngapi?"

"38.1. Lakini anasikia baridi, na anayumba."

"Nimekuuliza namba, sijakuuliza uso. Ni uvivu huo. Mwambie wanawake wa Jorf hawataki mwali wa kulialia." Kisha, kwa Kifaransa na taratibu kama unamfundisha mtoto: "Baba yako usimwambie habari ya baridi. Ana moyo wa kuku, atasimamisha gari."

Baba akatoa kichwa dirishani. "Anasemaje mjomba wako?"

Nikasema, "Anasema tuendelee kidogo."

Maneno matatu. Nimeyaandika mara nyingi nyuma ya daftari tangu siku ile.

Kwenye kilomita ya kumi na saba Itto aliacha barabara akashika njia ya mchanga. Nikamkimbilia. Akanitazama kama mgeni, akasema, "Nakwenda kuwafungia mbuzi, watakula mboga za Bibi." Mbuzi tuliwauza nikiwa darasa la nne. Akapiga hatua mbili tatu, magoti yakakunjika, akaanguka kifudifudi.

Baba hakukuuliza wewe. Aliikata simu yako, akambeba Itto begani mpaka shamba la karibu lenye pampu, akamtumbukiza na nguo zake ndani ya hodhi ya kumwagilia, akamshika kichwa juu ya maji huku mimi nikimmwagia kwa ndoo. Robo saa nzima. Daktari alisema robo saa ile ndiyo iliyombakisha. Hospitali walimpima kwa ile njia ambayo siwezi kuiandika, na hata baada ya hodhi na safari nzima bado alikuwa 40.6. Fikiria kabla ya maji alikuwa ngapi. Chombo chako kilikuwa kinatusomea barafu yangu.

Basi wiki hii nimefanya jambo. Jumatatu asubuhi nilitoa kidonge kimoja kwenye kisanduku chako kipya, nikakitia ndani ya tende, nikakimeza. Baada ya saa moja nilikaa karibu na tanuri ambapo mama anaoka mkate. 37.4. Nikanywa bilauri mbili za maji ya barafu. 33.0. Baada ya dakika kumi, 31.8. Kwa chombo chako ambacho hakikosei nilikuwa maiti, na maiti huyo alikuwa anamenya vitunguu na kutokwa jasho. Jumanne asubuhi, kidonge kikiwa kimeshashuka, nilikunywa maji yaleyale, bilauri zilezile. 37.3. Haikutikisika.

Jumanne hiyohiyo, baada ya chakula, niliweka daftari mbele ya baba, Bibi na Itto nikasema yote: pazia, tende, gunia, baridi, yale maneno yako ya Kifaransa. Sauti ilikatika mara mbili. Bibi alisema, "Mwacheni, mtoto anajifungua." Hakuna aliyecheka.

Baba aliinuka akaenda kuangalia mfereji, wakati zamu yetu ya maji ni Alhamisi. Aliporudi akaniuliza, "Siku ile ulinijibu tuendelee kidogo. Yeye alisema nini hasa?"

Nikamtafsiria neno kwa neno, pamoja na moyo wa kuku.

Akajisugua magoti. "Nilimwona anayumba," akasema. "Kwenye kioo cha gari. Nikajiambia wenye chombo wanajua. Kwa hiyo tulikuwa wawili tulionyamaza, binti yangu."

Itto yeye hakusema nami siku mbili. Ni haki yake. Alikula ameuelekea ukuta, na nilipomletea maji alipokea bila kunitazama. Jana jioni nilifungua daftari nikakuta kando ya ile 31.8 ameandika kwa penseli, "Mungu amrehemu, alijua kumenya vitunguu." Nilicheka mpaka nikalia. Akaja akakaa karibu yangu.

"Kwa hiyo sikuwa na homa," akasema.

"Hukuwa."

"Wala sikuwa mvivu."

"Wala."

"Na wewe, mpumbavu, ungeniita tu. Ningetoka mara moja! Nilikuwa nimechoka na wale wanawake, wananihesabu meno." Kisha akalia, mara ya kwanza tangu hospitali, na mimi nikamshika mkono.

Hatakimbia tarehe mosi Septemba. Kisanduku nilimwonyesha mwenyewe kilipo, akakifunika tena kwa sufi. Daktari akiruhusu, atakimbia msimu wa baridi, alfajiri, barabara ya mitendeni yenye kivuli na maji kando. Hakutakuwa na simu. Atakayesema "simama" ni mimi, nikitazama uso.

"Na nikikwambia simama utasimama?" nilimwuliza.

"Nitakutukana kwanza. Halafu nitasimama."

Nina ombi moja tu kwako, na si ombi, ni haki ya Itto. Mpigie mama, kwa lugha ya nyumbani, mbele ya baba, useme hakuwa na homa. Sema mpwa wako Tuda alichelewesha kidonge, sina shida na hilo, nimeshalisema mwenyewe. Halafu sema na la kwako: uliambiwa anasikia baridi juani ukauliza namba. Usiponipa jibu hadi jirani yenu atakaporudi huko, nitamsomea mama karatasi yako ya Septemba, pamoja na pale ulipoandika "asiambiwe saa." Nitaisoma vizuri. Wewe mwenyewe ulinisifu kwa Kifaransa changu.

Mimi sikuchukii kama ninavyotaka kukuchukia. Ulipomletea Itto viatu vya kwanza alilala navyo kichwani. Ndiyo maana imeniuma hivi. Angekuwa mtu baki ningemtupia mawe nikasahau.

Bibi Hadda anakusalimu, anasema magoti yake yanapima joto vizuri kuliko redio zako. Mama anakusalimu. Baba hajasema kitu, nami sitamtungia salamu. Itto hajui kama naandika. Wasalimie Loubna, Anir na mdogo wake Tilila, na mwambie Tilila ile bangili aliyoisahau ninayo, sijaivaa.

Mungu akupe afya na umri, na siku moja akupitishe kwenye barabara yetu saa sita mchana, kwa miguu, na pembeni yako awepo mtu wa kukutazama usoni.

Chombo na vidonge nakurudishia kwa mkono wa jirani yenu. Hesabu utakuta vitano. Cha sita kiko kwangu, nimekimeza.

Mpwa wako aliyewahi kunyamaza,
Tuda