Filimbi ya umeme kwenye mazishi ya Kukhu

Jumamosi, jioni

Bado sijui kama wapiga ngoma waliniharibia ama walinisaidia.

Wiki mbili nzima nimefanya mazoezi ya wimbo mmoja tu, wa kumzika Kukhu, nyanya yangu. Wimbo wa huzuni, mtindo wa makanisa ya kale ya Ulaya, unaotembea polepole. Leo pale kijijini Khayega nikaunganisha filimbi yangu ya umeme kwenye spika za mazishi. Sauti ilikuwa safi kabisa.

Sikumaliza hata mstari wa tatu. Wapigaji wa isukuti, ngoma za jadi za kwetu, wakaingia, kwanza taratibu, halafu kwa kasi. Akina mama wakasimama kucheza. Nilitaka kuacha, lakini unaachaje katikati ya mazishi? Nikaendelea kupuliza kwa hasira, nikizifuata ngoma mbio.

Senje, dada yake baba, akanijia akicheza, uso umelowa machozi.

"Asante, mwanangu. Hivi ndio sisi tunalianga. Tangu afariki hatukuwa tumepata pa kuanzia."

Sasa alisikia wimbo wangu, ama alisikia ngoma? Mimi nilitaka watu wanyamaze, wakae na huzuni yao. Na mimi mwenyewe sikulia. Labda nilienda kujionyesha tu. Sijui.

Nimerudi chumbani, nikavaa hedifoni, nikaanza wimbo upya kwa mwendo wake halisi. Kufika mstari wa tatu, nikakuta mguu wangu unapiga mdundo wa isukuti sakafuni.

Hapo ndipo nikalia.