Uso wa Wagaye, Uso wa Mama

Debre Tabor,
14 Hidari.

Mpendwa kaka Tesfahun,

Salamu nyingi baada ya siku nyingi. U mzima? Mgongo wako na baridi ya huko vinapatanaje? Sisi hatujambo, na binti yako Wagaye hajambo. Nimelitanguliza hilo ili usome kwa utulivu.

Alijifungua wiki iliyopita, kabla ya miezi kutimia. Mtoto ni msichana, mdogo kama kifaranga, lakini ananyonya kama mwenye ugomvi na mtu.

Tulikuwa tumekusanyika kumpikia ule uji mzito wa siagi, wa wajawazito. Uso wake ulikuwa umejaa, miguu haiingii viatuni, nasi tukamsifu. "Uji wa shangazi haumtupi mtu," nikajigamba. Yeye akalalamika kwamba kichwa kinamgonga na macho yanaona ukungu. Mara akaanguka, akakakamaa, mwili mzima ukitetemeka. Kaka, niliogopa. Nilimwona Mama.

Hospitali wakasema ni kifafa cha mimba. Wakamchoma dawa, wakampasua kumtoa mtoto. Nikamwuliza daktari, binti aitwaye Hiwot, ni nani aliyemtupia jicho baya.

"Hakuna jicho, mama," akasema. "Mishipa ya damu ina utando wa seli kwa ndani, mwembamba mno. Ndio unaoamua mshipa ulegee au ukaze, nini kipite na nini kibaki. Kondo la nyuma lisipokaa sawa, humwaga vitu kwenye damu vinavyoziumiza seli hizo. Presha inapanda, maji yanavuja. Kule kunenepa mlikokusifu kulikuwa maji." Akaniagiza Wagaye apimwe presha maisha yake yote, maana utando ukishaumia huweza kubaki dhaifu.

Unakumbuka uso wa Mama ulivyojaa kabla hajafa na mimba yake. Bibi Zenebech mfinyanzi alipita mlangoni akausifu, na Baba akasema wafinyanzi wana jicho. Tangu hapo hatukunywa kahawa yake wala kununua chungu chake, na wewe uliapa hutamsalimu hadi kaburini. Mama hakupigwa jicho, ndugu yangu. Aliugua, na hapakuwa na wa kumpima.

Jana nilikwenda kwa Bibi Zenebech. Siku hizi anaona kwa shida. Nilisimama mlangoni. Akasema, "Ingia, mwanangu. Kahawa ya kwanza imekupita, ya pili bado." Nikalia, tukanywa.

Wagaye na shangazi Birke wanakusalimu. Mungu akufunike kwa mkono wake huko uliko.

Bibi Zenebech naye anakusalimu. Ameuliza kama bado u hai, wewe mtoto uliyekuwa ukimwibia udongo wa kuchezea, naye akijifanya haoni.

Wako akupendaye,
dada yako Aselefech.