Zile Promenade za Himbi Unazozisifu

Mdogo wangu,

Neno "mpendwa" nimelifuta. Nililiandika mara mbili, na mara zote mbili nikaona ninajidanganya.

Nimekusikia redioni, wewe uliyeko Ubelgiji, ukimweleza mtangazaji kwamba hadithi zako za watoto unazitoa kwenye matembezi ya familia na jikoni kwa mama. Ukasema kila Jumapili, baada ya misa, baba yetu, papa, alituvalisha vizuri akatupeleka ziwani kupunga upepo, ati promenade. Niliizima redio kabla hujamaliza, nikaenda kufua kwa hasira mpaka kola ya shati ikachanika.

Tulikuwa tunaenda kuteka maji. Bomba la mtaani kwetu Mabanga lilikuwa limekauka, na papa, karani mwenye majivuno yake, aliogopa wenzake wa ofisi wanaokaa Himbi, kule kando ya ziwa, wasije wakamwona na bidoni za maji. Ndiyo maana tulivaa nguo za kanisani. Ndiyo maana mama alizipanga bidoni ndani ya kikapu, akazifunika kwa kitenge utadhani ni chakula cha sherehe. "Batu bakituona," papa alituambia mlangoni, "baseme tuko naenda promenade."

Wewe ulikuwa na miaka mitatu, ukaamini. Nakumbuka ulivyocheka mawimbi yakikugusa vidole, na kicheko chako nilikipenda, siwezi kukataa. Lakini wakati wa kurudi ulichoka, ukalia ubebwe. Papa na mama walikuwa wamelemewa. Nikakubeba mimi, wewe kifuani, bidoni ya lita kumi mgongoni, kamba ikinikata paji la uso. Nilikuwa na miaka tisa. Viatu vilinibana, na yale mawe meusi ya volkano hayamhurumii mtu.

Kitabu chako nimekisoma chote. Kuna papa, kuna mama anayeimba akitwanga sombe ya majani ya muhogo, kuna ziwa, kuna hata paka ambaye hatukuwahi kumfuga. Dada hayumo. Umenitoa mimi, ukamweka paka.

Halafu juzi, bila haya, unamtumia dada yako sauti kwenye simu: "Yaya, unikumbushe mambo ya kwetu kidogo, kitabu ya pili iko nangoja." Unadhani mimi ni ghala lako, unakuja kuchota ukiishiwa? Sikupi. Sikupi moshi wa makaa mabichi, sikupi ugomvi wa papa na mama juu ya kipande cha sabuni, sikupi hata jina la jirani. Nina hasira na wewe, na sitaki ipoe haraka.

Nimenunua daftari. Mchana, vyombo vikishaoshwa, ninaandika palepale jikoni. Mama anakaa karibu akichambua maharagwe, na nikikosea ananisahihisha. Jana nilimsomea ile safari ya kurudi kutoka ziwani, jinsi tulivyopanda wanne na wewe umelala begani kwangu. Mikono yake ikasimama juu ya ungo.

"Kumbe ule mukubwa naye alikuwaka mutoto," alisema.

Miaka yote hii nilikuwa nikingoja mtu mmoja wa nyumba ile aseme hivyo. Amesema mama, na neno hilo nimeliandika kwa mkono wangu mwenyewe. Usiniombe tena kitu.

Dada yako mkubwa